KISAHANI HUTUPWA KWA MIGUU

Wachezaji wa gofu wa Jinja walipata kuwa na kanuni moja ambayo habari zake zilienea mbali, kupita mipaka ya Uganda. Mpira ukitumbukia katika shimo lililoachwa na unyayo wa kiboko, mchezaji aliruhusiwa kuuokota na kuuweka kando bila ya kuadhibiwa. Kiboko hutoka majini usiku kuja kula majani, naye ni mnyama mzito. Palipopita mguu wake hubaki shimo la kutosha kuumeza mpira. Kanuni hiyo ilikuwa ya haki, kwani hapana mchezaji awezaye kulaumiwa kwa nyayo za kiboko.

Iko, hata hivyo, gofu ya namna nyingine, isiyo na fimbo wala mpira, ambamo nyayo ziamuazo mambo ni za mchezaji mwenyewe, na lawama yake hana wa kumtupia. Hiyo ni gofu ya kisahani. Mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kutoka mahali palipowekwa alama, hukifuata kilipoanguka, hukirusha tena, na kuendelea hivyo hadi kiingie katika kikapu cha chuma kilichosimamishwa juu ya nguzo. Amalizaye vikapu vyote kwa mitupo michache kuliko wenzake ndiye mshindi.

Mchezo huu ulipata sura yake ya sasa huko California, Marekani. Mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ilianza kuuza kisahani cha kurushiana ambacho baadaye kilijulikana duniani kote kwa jina la Frisbee. Watu wakazoea kushindana kulenga miti, nguzo na mapipa. Mwaka 1975 Ed Headrick, aliyepata kuifanyia kazi kampuni hiyo, aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji. Ni yeye pia aliyebuni kikapu chenye minyororo: kisahani hugonga minyororo, hupoteza mwendo, kisha huanguka ndani.

Kwa familia za askari mchezo huu una sifa moja iliyo bora kuliko nyingine. Haumtukuzi mwenye misuli. Mtoto, mama na mzee waweza kushindana na kijana mwenye nguvu, nao wakamshinda, ikiwa wao wanajua kupanga miguu na yeye hajui.

BABA NA BINTI

Na uchukuliwe mfano wa askari aliyerudi Jinja kwa likizo baada ya zamu ya Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kupelekwa mwezi wa Machi 2007. Amemwacha binti yake akiwa mdogo, amemkuta ana miaka 13, na mazungumzo baina yao ni mafupi kama ya wageni. Jioni moja binti analeta kisahani alichojifunzia shuleni, na wote wawili wanakwenda uwanjani.

Baba anasimama kifua kikiwa kimeelekea nguzo wanayoilenga. Miguu ameikita kama mtu aliye katika gwaride. Anakivuta kisahani na kukirusha kwa mkono peke yake, kwa nguvu zote. Kisahani kinapanda juu, kinalala upande wa kushoto, kinaanguka karibu. Anarudia kwa nguvu zaidi, na matokeo ni yale yale, ila sasa bega linamuuma. Kisha binti, ambaye mkono wake ni mwembamba kama bua, anapiga hatua tatu za taratibu, anageuka, na kisahani chake kinapita kimo cha kichwa, kimelala sawasawa, hadi mbali kuliko vyote vya baba yake.

"Baba," anasema binti, "mkono wako una haraka. Unaondoka kabla ya mguu kufika."

Hapo baba ana njia mbili. Aweza kucheka, akasema kwamba huo ni mchezo wa watoto, akarudi nyumbani. Au aweza kumwomba binti yake amfundishe. Yafuatayo ni yale ambayo binti huyo angemweleza.

MKONO HUJA MWISHO

Mtu asiyefundishwa hudhani kwamba kutupa ni kazi ya mkono. Ukweli ni kwamba mkono ni kama ncha ya mjeledi. Ncha ndiyo iendayo kasi kuliko sehemu zote, lakini kasi hiyo haikuzaliwa nayo. Imetoka katika mpini. Katika mtupo, mpini ni miguu. Unyayo huisukuma ardhi, na ardhi huurudishia mwili msukumo ule. Msukumo hupanda kutoka mguuni hadi kwenye nyonga, kutoka nyonga hadi kiwiliwili, kisha bega, kiwiko, kifundo cha mkono, na mwisho kisahani chenyewe. Kila kiungo kikubwa hutangulia, kisha hujizuia na kukikabidhi kile kidogo mwendo wake. Kiungo kimoja kikiharakisha kabla ya zamu yake, mnyororo hukatika, na mkono hulazimika kufanya peke yake kazi ya mwili mzima. Hiyo ndiyo asili ya bega la baba kuuma.

Polisi wa Afrika Mashariki wametoa mashahidi wawili wa jambo hili. Wa kwanza ni John Akii-Bua, polisi wa Uganda, ambaye tarehe 2 Septemba 1972 mjini Munich alikimbia meta 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kuzikimbia chini ya sekunde 48, na medali yake ya dhahabu ya Olimpiki ilikuwa ya kwanza kwa Uganda. Akii-Bua alijizoeza kuruka kiunzi kwa kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Kwa hiyo uchovu ulipozifupisha hatua zake hakuhitaji kubabaika mbele ya kiunzi. Hesabu ya miguu ilikuwa imekwisha kupangwa.

Wa pili ni Julius Yego, polisi wa Kenya. Huyu alianza kujifunza kutupa mkuki kwa kutazama filamu za mabingwa katika mtandao, kisha akapata mafunzo huko Kuortane, Finland. Mwezi wa Agosti 2015 mjini Beijing aliutupa mkuki meta 92.72, akawa bingwa wa dunia. Aliyemtazama Yego siku hiyo aliona jinsi alivyokimbia, jinsi mguu wake wa mbele ulivyokita chini kama nguzo, na jinsi mwili wote ulivyopita juu ya mguu ule hadi yeye mwenyewe akaanguka kifudifudi. Mwendo wa mbio ulizuiwa miguuni, nao ukahamia mkononi na kuingia katika mkuki. Kisahani ni chepesi, na mtupaji wake hana haja ya kuanguka, lakini kanuni ya mguu wa mbele ni ile ile.

KUSIMAMA KWANZA

Mtupo unaozungumzwa hapa ni ule wa mgongo wa mkono. Mtupaji huupitisha mkono mbele ya kifua chake, kisha huufungua kuelekea shabaha, mgongo wa mkono ukitangulia. Ni mwendo wa mtu apanguzaye meza ndefu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maelezo yafuatayo ni ya mtu atumiaye mkono wa kulia. Mwenye mashoto ageuze kila neno.

Kosa la kwanza la baba lilikuwa kuielekezea shabaha kifua. Katika mtupo huu, kiielekeacho kikapu ni bega la kulia. Mtupaji husimama ubavu, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega au kupita kidogo, magoti yamekunjwa kidogo, na uzito uko katika sehemu ya mbele ya nyayo wala si visiginoni. Kiwiliwili huinama kidogo kutoka nyonga, hata kifua kikawa juu ya vidole vya miguu. Kichwa hukaa juu ya uti wa mgongo, kisilale upande wa mbele wala wa nyuma. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na atakaye mtupo ulionyooka hana budi kuinama kidogo pia, kwa kuwa asimamaye wima kama mlingoti hukosa nafasi ya kuupitisha mkono mbele ya kifua.

Mwanafunzi asianze na hatua. Kwa siku kadhaa atupe akiwa amesimama pale pale. Auhamishie uzito mguu wa kushoto, ageuze nyonga na mabega hadi mgongo wake ukaribie kukielekea kikapu, kisha arudishe uzito mguu wa kulia ndipo auvute mkono. Akiona kwamba kisahani kinakwenda mbali bila ya kukitumia nguvu, ajue kwamba amekwisha kuufahamu msingi.

HATUA TATU

Baada ya hapo zinafuata hatua, nazo ni tatu: kulia, kushoto, kulia. Katika hatua ya kwanza mguu wa kulia husogea mbele kidogo, kwa utulivu. Katika hatua ya pili mguu wa kushoto hupita nyuma ya ule wa kulia, hata miguu ikapishana kama mikasi. Kupishana huku kuna maana yake: mguu wa kushoto upitapo nyuma, nyonga hulazimika kugeuka na kukipa kikapu mgongo. Ni wakati huu ambapo mkono unanyooshwa nyuma pamoja na kisahani. Macho nayo huiacha shabaha kwa nukta moja, na mwanafunzi asiogope. Bega likizuiwa kugeuka ili macho yaendelee kutazama, nusu ya nguvu hupotea.

Hatua ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote. Mguu wa kulia huenda mbele na kutua. Mwendo wa hatua hizi ni wa kuongezeka: ya kwanza polepole, ya pili upesi kidogo, ya tatu upesi zaidi. Wengi hufanya kinyume. Hukimbia mwanzoni, kisha hupunguza mwendo wafikapo mahali pa kutupa, na mbio zao zote zikawa bure. Ni afadhali kutembea na kumaliza vizuri kuliko kukimbia na kumaliza ovyo. Mwenda pole hajikwai.

Hatua hizi sharti zifuate mstari mmoja. Uchorwe mstari wa majivu juu ya ardhi kuelekea shabaha, na mwanafunzi aukanyage. Mguu wa mwisho utue juu ya mstari ule, au usogee kidogo tu upande wa kifua chake. Ukitua upande wa mgongo, nyonga hufunguka mapema, na nguvu humwagika kabla ya mkono kuanza kazi.

MGUU WA NGUZO

Sasa yamefikiwa maneno ya binti kwa baba yake. Mguu wa mbele utue kwanza, ndipo mkono uvutwe. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulikosa kwa miaka, kwa kuwa mkono una tamaa ya kuondoka mapema.

Mguu wa kulia hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kisha kisigino hufuata chini. Vidole visielekee moja kwa moja kwenye kikapu. Vielekee ubavuni, au mbele kidogo ya ubavu. Goti liwe limekunjwa kidogo wakati wa kutua, nao uzito wote uje juu yake. Kisha mguu hujisukuma dhidi ya ardhi na kunyooka, kama nguzo iliyopokea dari. Nyonga, kwa kuwa haiwezi tena kusonga mbele, huzunguka. Mabega huifuata nyonga, na mkono huyafuata mabega.

Katika kuuvuta mkono, kisahani kipite katika mstari ulionyooka karibu na kifua, kiwiko kikitangulia mbele. Kisizungushwe mbali kuufuata mviringo wa mwili, kama mtu apigaye ngoma iliyo mgongoni pake. Kiwiko kifikapo mbele, mkono wa chini hufunguka ghafla, kifundo hufuata, na kisahani huponyoka vidoleni. Mkono wa kushoto nao usiachwe ukapepea. Ubanwe karibu na ubavu, kwa sababu mwili uliokusanyika huzunguka upesi kuliko uliotawanyika.

Kisahani kwenda kimelala sawasawa ni matokeo ya mabega. Mabega yakiwa sambamba na ardhi, kisahani nacho huwa sambamba. Mtu akiegemea nyuma, ukingo wa mbele wa kisahani huinuka, upepo hukikamata chini ya tumbo, nacho hupanda na kusimama hewani kabla ya kuanguka. Atakaye kukipandisha kidogo auinamishe mwili mzima kutoka nyonga, asiuinue mkono peke yake. Tena akumbuke kwamba kisahani kilichotupwa hivi kwa mkono wa kulia, mwendo wake ukipungua, huelekea kushoto. Hiyo ni tabia ya mzunguko wake wala si kosa. Alenge kulia kidogo ya kikapu.

Upepo nao una neno lake. Jinja iko kando ya ziwa kubwa, na mchana upepo hutoka majini kwenda nchi kavu. Upepo wa mbele hukibinua kisahani na kukipeleka kulia mapema. Upepo wa nyuma huweza kukibeba mbali. Mwaka 2016 Mmarekani David Wiggins alirusha kisahani meta 338 katika jangwa la Nevada, akisaidiwa na upepo mkali wa nyuma. Lakini hata upepo wa jangwani haumsaidii mtu ambaye kisahani chake kimetoka mkononi kikiyumba.

KUZISOMA NYAYO

Polisi wamefundishwa kwamba mahali penye tukio huhifadhi ushahidi. Ujuzi huo wafaa sana hapa. Na uchukuliwe mfano wa askari polisi wa kike huko Mbale, anayecheza na wanawe katika uwanja wa udongo mwekundu, mlima Wanale ukiwa mbele yao. Baada ya kila mtupo hasemi na mtu wala hatazami kisahani kilikoanguka. Huinama akazisoma nyayo.

Unyayo wa nyuma ukiwa umezama chini, kisigino na vidole vyote, na ule wa mbele ukiwa hafifu, ushahidi ni kwamba uzito ulibaki nyuma. Mtupaji wa namna hiyo ataambiwa kwamba kisahani chake kilipanda juu mno, naye atashangaa wamejuaje.

Unyayo wa mbele ukiwa na vidole vilivyoielekea shabaha tangu wakati wa kutua, nyonga ilifunguka mapema. Kukiwa na mburuzo mrefu mbele ya unyayo, mguu uliteleza. Ama hatua ya mwisho ilikuwa ndefu kupita kiasi, ama mbio zilikuwa nyingi kuliko ardhi ilivyoweza kustahimili. Unyayo wa kushoto ukionekana mbali pembeni ya mstari wa majivu, mtupaji alikuja kwa kupinda, na kisahani chake nacho kilipinda.

Na mtupo mwema waonekanaje? Mahali pa kisigino cha mbele pana kidimbwi kidogo cha mviringo, na mahali pa vidole pana upinde, kama alama ya bikari ya mwanafunzi wa hesabu. Maana yake ni kwamba uzito ulitua juu ya mguu wa mbele, na baada ya kisahani kutoka, mguu ulizunguka juu ya kisigino hadi vidole vikaelekea shabaha, na mguu wa nyuma ukazunguka ukaja mbele. Mama akiuona upinde ule humpa mwanawe mkono, hata kama kisahani kilikosa kikapu. Shabaha huja na mazoezi. Msingi mbaya huzidi kuwa mbaya kwa mazoezi.

GOTI NI MALI YA ASKARI

Upinde ule una faida iliyo kubwa kuliko ushindi. Goti la mwanadamu ni kama bawaba ya mlango: limeumbwa kukunjwa na kunyooshwa, wala halikuumbwa kusokotwa. Mwili wote ukizunguka kwa nguvu huku unyayo umenasa ardhini, msokoto huishia gotini, na kano zishikazo mifupa ya goti huweza kukazwa au kukatika. Jeraha la namna hiyo humweka mtu kando kwa miezi. Kwa karani ni taabu; kwa askari, ambaye riziki ya nyumba yake imo katika kutembea, kusimama zamu na kukimbia, ni hatari kwa kazi yenyewe.

Kwa sababu hiyo viatu vyahitaji kufikiriwa. Buti la kazi lina meno yaliyotengenezwa ili lisiteleze, na sifa hiyo njema katika doria huwa adui katika mtupo, kwani meno huing'ang'ania ardhi wakati ambapo mguu ungepaswa kuzunguka. Raba nyepesi zenye soli ya kawaida zafaa zaidi. Majira ya mvua, ambayo huko Jinja na Mbale huja mara mbili kwa mwaka, udongo huwa ama wa kuteleza ama wa kunasa. Siku hizo mtupaji mwenye busara huacha hatua tatu, akatupa akiwa amesimama. Atapoteza umbali kidogo, lakini goti lake litabaki salama.

Bega na mgongo pia vina haki zao. Kabla ya kucheza mtu atembee kwa haraka, azungushe mikono, ageuze kiwiliwili kulia na kushoto hadi mwili upate joto. Mitupo ya kwanza iwe ya karibu na ya upole. Aonaye maumivu makali katika goti, kiwiko au bega asijikaze kiaskari. Aache siku hiyo, na maumivu yakiendelea aende zahanati. Ushujaa una mahali pake, na uwanja wa mchezo si mahali pake.

SHERIA ZA MIGUU

Waandishi wa sheria za mchezo huu nao wameitazama sana miguu. Katika mtupo wa kwanza, wakati kisahani kinapotoka mkononi, sharti mtupaji awe anakanyaga ndani ya mahali palipowekwa kwa kuanzia. Kisahani kikiisha kutoka, aweza kupita mbele. Katika mitupo ifuatayo, kisahani kidogo cha alama huwekwa mbele ya kile kilichoanguka, na mtupaji hukanyaga nyuma yake katika eneo lenye upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 30, lililo karibu sawa na karatasi ya kuandikia barua. Asigusishe ardhi iliyo karibu zaidi na kikapu wakati anapotupa. Akivunja sheria hii huongezewa mtupo mmoja katika hesabu yake.

Akiwa ndani ya meta 10 kutoka kikapuni, sheria hukaza zaidi. Hapo hana ruhusa ya kupita mbele ya alama hadi aonyeshe kwamba amesimama imara. Mtu anayeanguka mbele ili akifikie kikapu amevunja sheria. Karibu na kikapu, basi, mchezo hautaki nguvu kabisa, wataka utulivu.

NYUMBANI

Familia isiyo na vikapu vya minyororo isivunjike moyo. Waanzilishi wenyewe walicheza kwa kulenga miti na nguzo. Ndoo kuukuu iliyotobolewa na kufungwa juu ya mti yatosha. Kisahani cha kweli hakizidi gramu 200, na kile cha masafa marefu, chenye upana wa sentimita 21 hivi, hakizidi gramu 175. Mfuniko wa ndoo waweza kuwachekesha watoto, lakini hauruki kama kisahani, na mwanafunzi asijilaumu ukiyumba.

Tena miguu yaweza kufundishwa bila ya kisahani. Mama achore mstari wa majivu uani, na kila mtoto ashike taulo dogo kwa ncha. Apige hatua tatu huku wote wakihesabu moja, mbili, tatu, na taulo livutwe baada ya "tatu", kamwe si kabla. Likivutwa kwa wakati wake litalia kwa mshindo. Likivutwa mapema halitalia. Taulo halina upendeleo. Halijali cheo cha baba wala umri wa mtoto.

Jambo moja lisisahauliwe. Kisahani cha mchezo huu ni kigumu kuliko kile cha kurushiana, na ukingo wake huweza kumjeruhi mtu vibaya. Kisitupwe mahali wapitapo watu, wala karibu na barabara. Mtupaji angoje mbele pawe peupe, na akiona kisahani kinamwelekea mtu, apaze sauti mara moja.

Yule baba wa Jinja, ikiwa amechagua njia ya pili, atakuwa na kazi ya majuma kadhaa. Siku za kwanza mkono wake utaendelea kuondoka mapema, na binti yake atamrudisha mwanzo wa mstari. Huenda ikawa ni mara ya kwanza kwa binti kumwamrisha baba, na kwa baba kutii bila ya kuona haya. Siku ya mwisho ya likizo, kisahani kikiisha kutoka, wote wawili watainama kuutazama udongo. Wakiuona upinde, baba atarudi kazini akijua kwamba goti na bega lake ni salama, na kwamba hapo nyumbani ana mtu wa kuzungumza naye.

Hilo ndilo fundisho la kisahani kwa kila mwenye nguvu. Nguvu ya mkono ni neema, lakini huanza na mahali mtu aliposimama. Asiyejua kusimama hana haki ya kuulaumu mkono wake, wala upepo, wala kikapu.